Muhanga na Uyoga

Leo sokoni Manika nimenusa uyoga mbichi wenye udongo kwenye shina, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto.

Akilini nilimwona tena rafiki yangu wa utotoni akikimbia mbele yangu kwenye nyasi zilizolowa, akipiga kelele: "Kuya mbio! Kuko moja mukubwa sawa mwavuli!" Na kweli ulikuwa mwavuli. Uliota kwenye kichuguu alichokijua yeye peke yake, mweupe, baridi kama ngozi ya chura. Tuliubeba juu ya vichwa vyetu, mvua ikitupiga, tukicheka hadi nyumbani.

Kesho yake nilirudi peke yangu na jembe la baba. Nilitaka zaidi. Nilikivunja kichuguu chote, nisipate kitu, na mwaka uliofuata hapakuota hata uyoga mmoja. Rafiki yangu alilitazama lile shimo, kisha akanitazama mimi.

"Ni muhanga," akasema, akimtaja mnyama yule anayefukua mchwa. Nami nikaitikia haraka: muhanga!

Alipokua alienda kulima huko Mutshatsha. Kila mvua za kwanza alinitumia uyoga mkubwa kwa treni, na ujumbe uleule: "Muhanga hajafika huku." Kila mwaka nilicheka, na kila mwaka sikukiri.

Mwaka huu tumemzika. Kwa hiyo leo nimejinunulia uyoga mwenyewe, nikauinua juu ya kichwa katikati ya soko, nikasema kwa sauti: "Ndugu yangu, muhanga ilikuwa mi!"

Mama muuzaji akaangua kicheko. "Tata, hii ni ya kula, haiko ya kuvala!"