Tandiko la Kaniki

Nilichaguliwa kupanda nyumbu kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote. Mwalimu aliisema mbele ya darasa zima. Niliinamisha kichwa, ila moyoni nilifurahi.

Katika sikukuu ya Kaizari wa Wajerumani, wanafunzi wawili wa shule ya serikali hapa Morogoro hupewa kazi. Mmoja hupanda nyumbu katika mbio za kuruka viunzi, maana farasi hawadumu huku, mbung'o huwamaliza. Wa pili husimama mbele ya bwana mkubwa wa boma na mji mzima, akasoma beti za pongezi kwa sauti. Mimi nikiitwa tu darasani koo hukauka. Juu ya nyumbu hakuna anayekuuliza jambo.

Beti alipewa mwenzangu mmoja ambaye baba yake alikuja na misafara ya Wanyamwezi, kwa hiyo kwetu Waluguru ni mtani. Naye roho yake ilikuwa kwa nyumbu. Mwalimu akasema tutapimwa asubuhi ya sikukuu, na nikizidi uzito tutabadilishana.

Nilikuwa nikikaa kwa bibi yangu, mlimani juu ya mji. Nilipomweleza kwamba nimeteuliwa kwa wepesi wangu, aliweka mwiko chini akauliza kama shule nzima imesikia. Nikasema ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa sokoni. Alichosikia yeye ni kwamba serikali imetangaza hadharani kuwa nyumbani kwake mjukuu analala na njaa.

Tangu siku ile nikawa naamkia magimbi, nikirudi ni ugali na maharage, na kabla ya kulala ndizi za kuchoma, eti za kusindikizia. Kubakiza hakuwezekani. Bibi akiona kilichobaki huuliza umekula kwa nani. Nikaanza kukimbia kuteremka shuleni na kukimbia kupanda kurudi, nipungue. Nikawa nafika na njaa kali, nakula mara mbili.

Mtani wangu alipopata habari, akaanza kututembelea jioni.

"Shikamoo bibi," alisema. "Huyu mjukuu wako jana upepo ulimbeba. Ikabidi tumvute miguu."

Bibi akanipakulia tena. Akampakulia na yeye, maana mgeni hatazami wenzake wakila. Akaja kesho yake, na keshokutwa. Alikula kwa adabu kubwa.

Asubuhi ya sikukuu mizani ya stesheni ililetwa uwanjani, ile ya mikono miwili. Upande mmoja gunia la mchanga lenye uzito unaoruhusiwa, upande wa pili mpandaji na tandiko lake. Nilipanda nimelikumbatia tandiko. Gunia likapaa. Mtani hakungoja kuambiwa, akanitia karatasi ya beti mkononi.

"Soma polepole, mtani. Usizimeze kama magimbi."

Niliwatazama wale watu wote, nikaona bora homa inishike palepale. Kisha akapanda yeye, na gunia likapaa juu kuliko kwangu. Mwalimu alitutazama kama mtu aliyeibiwa kuku wawili kwa mpigo. Akaniamuru nirudi bila tandiko. Mizani ilicheza, ikatulia sawasawa.

"Utapanda mgongo mtupu," akasema. Mtani akanipokonya karatasi yake, amenuna.

Bibi alikuwa kwenye umati. Alisema, na waliokuwa karibu walimsikia, kwamba juzi walimtangazia njaa, leo wanamnyima mtoto hata pa kukaa. Akavua kaniki yake ya juu, akaja akaitandika mgongoni mwa nyumbu. Hapana aliyethubutu kumwambia bibi kwamba nayo ipimwe.

Wapandaji wengine walikuwa vijana watatu wa mashambani, wamekaa vizuri kwenye matandiko. Kiunzi cha kwanza nilikiruka wa mwisho, nimeng'ang'ania manyoya ya shingo. Cha pili, kaniki ikateleza nyuma. Pembe moja nikawa nimeikalia, nyingine inampigapiga nyumbu miguuni. Hapo ndipo alipokimbia. Kwenye mtaro wa maji nyumbu wa wenzangu walisimama, wakainama kunywa. Wangu aliuruka akiikimbia kaniki ya bibi, na akaikimbia hadi mwisho, mimi nimefumba macho.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mshindi huitwa mbele aseme neno.

Nilisimama mbele ya bwana mkubwa, nikatazama viatu vyake. Mkalimani aliniuliza mara mbili nina lipi la kusema. Ndipo bibi akapita katikati ya askari, kaniki begani, akasema kwa Kiluguru chake cha mlimani:

"Mwambie bwana wako, mtoto huyu si mwepesi. Amekula kwangu."

Mkalimani akamgeukia bwana mkubwa. Kijerumani nakijua kidogo, na nilisikia akisema kwamba bibi kizee anaishukuru serikali kwa wema wake. Bwana mkubwa akapiga makofi, na umati ukafuata.

"Amemwambia?" bibi akaninong'oneza.

"Amemwambia, bibi."

Akatazama watu wote wale wakipiga makofi, akaridhika. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliniacha nibakize.