Sufuria Niliyoimwaga kwa Wakwe

Mimi mtu wa Garissa, kwetu maji ni ya shida, mvua ikinyesha siwezi kutulia bila kuikinga. Juzi nilikwenda Kipini, mji mdogo wa pwani ambako msimu huu mvua hunyesha kila siku, nikajuane na wakwe wa binti yangu Halima. Nilitaka wanione mtu wa maana. Wakaniacha nyumbani, wakaenda kulaki wageni wa chakula cha mchana. Mvua hiyo! Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena, nikatoa nje kila ndoo na beseni. Sufuria kubwa ilikuwa na maji meupe, nikajua ni yaliyooshewa mchele, nikayamwaga, nikakingia maji ya mvua.

Mama mkwe wa Halima akarudi na Halima na wageni.

“Mama, nimekutekea maji safi,” nikasema kwa fahari. “Yale machafu nimemwaga.”

“Aabo! Baba yangu!” Halima akashika kichwa. “Mfereji wa maji uko ndani!”

Mama mkwe akachungulia sufuria. “Lilikuwa tui la nazi, Baba Halima. Haya wageni, karibuni tule mvua.”