Wimbo wa Kusaga Uwele

Mama alipatwa na kiharusi akipepeta alizeti uani kwake, Kinyangiri, asubuhi moja ya kawaida kabisa. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa jikoni. Aliniambia baadaye kwamba alisikia ungo ukianguka, akadhani ni kuku. Alipotoka alimkuta mama amekaa chini, ameegemea ukuta, anamtazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Mdomo ulifunguka, lakini sauti haikutoka.

Mimi nafundisha shule ya msingi Singida mjini. Nilipofika hospitali Kiomboi, mama alikuwa amelazwa karibu na dirisha, upande wake wa kulia umelegea. Nilimshika mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama."

Midomo yake ikahangaika. Kilichotoka ni "tata, tata," na mwenyewe alishtuka kukisikia. Akafumba macho. Nadhani aliona aibu.

Daktari alinieleza taratibu. Akili yake ipo, alisema, anaelewa yote unayomwambia. Sehemu ya ubongo inayotafuta maneno ndiyo iliyoumia. Yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilidhani kazi hiyo ni yangu. Kama kuna kitu ninachokijua duniani, ni kumfundisha mtu kusoma na kutamka. Likizo ile nilichora picha kwenye vipande vya boksi: kikombe, jembe, mbuzi, kitanda. Kila asubuhi baada ya chai nilimkalisha kivulini, nikainua picha moja moja. "Hiki ni nini, mama? Ki-ko-mbe." Yeye anajitahidi mpaka jasho linamtoka, anasema "tata". Siku ya tano alivichukua vile vipande vyote kwa mkono wake mzima, akavifunika na kanga, akaniangalia. Hakukasirika. Alikuwa ananiomba niache.

Niliacha. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kama mtoto. Nilikuwa natamani sauti yake kama mtu anavyotamani maji. Hata kugombezwa nilikutamani.

Jirani wa mama ni mwanamke Mwislamu aliyemzidi umri kidogo. Walizaliwa kijiji kimoja, wakakua pamoja, na baba alipofariki mama alirudi kuishi karibu naye. Mimi namwita mama mkubwa. Alikuwa amesafiri kumwuguza binti yake Manyoni wakati mama anaugua, na aliporudi alikuja siku ileile, amebeba sufuria ya uji wa uwele ameifunika na sahani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi mwenzangu?"

Nilimwonya kwamba mama hasemi. Akanijibu, "Sikuja kuhojiana naye," akapita.

Alimkuta mama kivulini, akakaa kwenye mkeka karibu naye. Hakutoa pole ndefu. Alianza kumlisha ule uji kijiko kimoja kimoja, huku akivumisha wimbo puani, kama wanavyofanya wanawake wenye kazi mkononi. Mimi nilikuwa naanika mboga. Nikasikia sauti ya pili.

Niligeuka. Mama alikuwa anaimba. Si kuvumisha tu, anaimba maneno, Kinyiramba safi, moja baada ya jingine bila kukwama. Sauti ilikuwa ya chini na ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Mama mkubwa aliacha kijiko hewani, akaongeza sauti yake, wakaenda pamoja mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha nilimrukia mama nikapiga magoti.

"Mama! Sema tena! Niambie kitu, chochote!"

"Tata," akasema. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

"Usimharakishe," mama mkubwa akaniambia. "Maneno ya kusema yamepotea. Ya kuimba yapo palepale alipoyaweka."

Wimbo ule sikuujua. Baba alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na Kinyiramba changu ni cha kusalimia na kununulia kuku. Mama mkubwa ndiye aliyenitafsiria. Ni wimbo wa kusaga uwele kwenye jiwe, kabla mashine haijaletwa kijijini. Wanawake wawili wanapiga magoti uso kwa uso, mmoja anaita, wa pili anaitikia. Wanaliomba jiwe lifanye haraka maana jua linashuka na ng'ombe wako njiani kurudi. Halafu pana mahali ambapo kila mmoja anataja jina la mtoto aliye mgongoni kwake, ili alale wakati mama yake anayumba mbele na nyuma.

"Na mama ametaja jina gani pale?" nikauliza. Nilikuwa nimelisikia, na halikuwa langu wala la kaka.

Mama mkubwa alimtazama mama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Mama akainamisha kichwa.

"Huyo ni dada yako. Mzaliwa wa kwanza. Alikuwa mgongoni kwake tulipokuwa tukisaga. Surua ilimchukua kabla hajatembea. Baba yako akahamishwa mwaka uleule, wakaondoka, na jina likabaki huku."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na ndiyo kwanza nasikia kwamba nilikuwa na dada.

Baada ya hapo mama mkubwa alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tukipachika neno ndani ya wimbo, mama analipata. Alipotaka maji alianza kuvumisha, na neno maji likatoka kwenye mdundo wa jiwe. Hivyo tulipata maneno machache: maji, jua, basi, njoo. Wifi akawa anamwuliza kwa kuimba anachotaka kula, nyumba nzima ikawa inaimba kama watu waliorukwa na akili, na tulicheka, mama akicheka kuliko wote.

Lakini jina langu halikuja. Nilijaribu. Siku moja tukiwa wawili tu niliuimba wimbo pamoja naye, na pale pa mtoto nikaliweka jina langu, nikanyamaza nimsikie akilirudia. Mama aliacha kuimba. Alininyooshea mkono akanipapasa shavu kwa huruma, halafu akaanza upya, na pale pa mtoto akaliweka jina la yule mwingine. Ndani ya wimbo ule mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilimwonea wivu mtoto aliyekufa kabla hajatembea. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki kadhaa zilipita hivyo, na shule zilipofunguliwa nikawa nakuja kila mwisho wa wiki. Halafu alasiri moja nilikuwa namsuka nywele, ameketi katikati ya magoti yangu, akaimba lile jina na kugeuza kichwa kunitazama. Aliliimba tena. Alikuwa anasubiri.

"Abee mama," nikamwitikia.

Alishusha pumzi, mabega yakalegea, akanirudishia kichwa niendelee kusuka. Tangu siku ile niliitika kila alipoita. Sikujua kama alijua mimi ni nani wakati huo. Nilijua tu kwamba mtu alikuwa ameita muda mrefu sana bila kuitikiwa.

Jumapili moja kwaya ya usharika ilikuja kumwimbia, watu kama kumi na tano, maana mama alikuwa mwimbaji wao wa zamani. Mama mkubwa alitaka kuondoka kuwaachia nafasi, mama akamshika kanga. Akabaki, amekaa ubavuni kwake. Walipoanza, mama aliimba sauti ya pili bila kukosea, na mama mkubwa naye akaimba kila ubeti. Mwalimu wa kwaya akamstaajabia mama mkubwa.

"Mama, nyimbo zetu umejifunzia wapi?"

"Mnaimba ng'ambo ya ua wangu miaka yote," akajibu, "na mimi nina masikio."

Watu wakacheka, kisha mmoja wao akamwomba naye awaimbie chochote. Akamwangalia mama. Wakaimba ule wa kusaga. Wazee waliokuwamo kwenye kwaya wakaanza kuitikia, hata mwanamume mmoja ambaye bila shaka hakuwahi kugusa jiwe, ila alilala mgongoni kwa mtu aliyeligusa. Walipofika pale pa mtoto, kila mmoja alitaja jina la mtoto wake. Yalitajwa kwa pamoja, sikuweza kuyatenganisha. Nililia wazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mama aliishi mavuno mawili baada ya hapo. Kiharusi cha pili kilimkuta amelala mchana, hakuamka. Kwenye mazishi kwaya iliimba nyimbo za kanisani, na mama mkubwa alisimama upande wa wanawake, amejitanda, midomo inacheza.

Sikuwahi kurekodi sauti yake. Simu ilikuwa mkononi mara zote. Niliona kama nikiirekodi nitakuwa nimekubali kwamba anaondoka. Sasa nasimama darasani nikiwasikiliza watoto wakiimba, na natafuta ndani ya kichwa changu ule mkwaruzo wake, na kila mwaka naupata kwa shida zaidi.

Likizo nakwenda Kinyangiri. Macho ya mama mkubwa yamefifia lakini ananitambua kwa salamu. Tunakaa kwake, ananifundisha maneno ya wimbo niliyokuwa siyajui, mimi nikiimba upande wa mama. Mara ya mwisho alinisimamisha katikati ya ubeti.

"Unakwenda mbio, mwanangu. Uwele hausagiki hivyo."

Nikapunguza. Alifumba macho kunisikiliza, na nilijua ni nani anayemtafuta kwenye sauti yangu, maana mimi pia nilikuwa namtafuta.