Uwanja wa Kupuria wa Wafaransa

"Hayo magari yanakwenda wapi?"

Bibi aliuliza hivyo akiwa kwenye kigoda chake nje ya jiko, ungo wa maharage mapajani, wala hakuinua macho. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dodoma mwaka uliotangulia. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi bei ya mbolea, na sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba magari yale hayaendi popote. Yanaanza mahali, yanazunguka mchana na usiku, na mwisho yanasimama palepale yalipoanzia.

Aliyehitaji jibu hakuwa mimi. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Misimu kadhaa nyuma alikuja fundi mmoja Mfaransa kufundisha matengenezo ya mashine za kuvunia, na hao wawili wakawa marafiki kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo, maana baba mdogo hajui Kifaransa, na Kiswahili cha yule fundi kiliishia kwenye "pole pole" na majina ya spana. Kwao fundi ni karibu na mji zinakofanyika mbio za magari za saa ishirini na nne. Siku moja, wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha kombaini iliyokufa gia, alimwonyesha baba mdogo video ya mbio hizo. Baba mdogo alikuwa na miaka hamsini. Tangu siku hiyo akawa na kitu kimoja tu anachokitaka duniani: kukaa pale na kuyaona magari yakizunguka, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosa hata dakika.

Sasa Mfaransa alikuwa ametuma mwaliko pamoja na tiketi. Viza ilitoka, jambo lililotushangaza wote, naye zaidi. Kilichobaki ni baraka ya bibi.

Katika ukoo wetu mtu haendi safari ndefu bila bibi kumtajia njia. Anashika kibuyu cha maziwa, anataja kila mahali utakapopita mpaka anakufikisha unakokwenda. Anasema utakachokikuta huko. Kisha anaigeuza njia na kukurudisha nyumbani, kituo kwa kituo. Anamalizia kwa kukuombea usingizi, kwa kuwa anaamini mtu asiyelala vizuri ugenini hurudi na maradhi. Hapo anapiga funda la maziwa na kukunyunyizia kifuani. Mimi nilipokwenda chuo alinipitisha Katesh, akanipitisha Singida, akanifikisha Dodoma na kunirudisha, nikapanda basi na blauzi inayonuka maziwa. Nilimwuliza kabla ya kuondoka kama wanaosafiri bila maziwa hupotea. Akasema wengine hupotea, na wengine hurudi na maswali.

Kwa baba mdogo alikwama. Uwanja wa ndege ni njia, alisema, hiyo ameelewa. Nyumba ya Mfaransa ni mahali pa kulala, hiyo pia ameelewa. Lakini unakokwenda hasa ni wapi? Kwenye mbio, mama. Na mbio zinakwenda wapi? Baba mdogo akakuna kichwa. Bibi akakiweka kibuyu chini.

Nilimwambia baba mdogo aondoke tu. Yeye ni mtu mzima, anaendesha mashine kubwa kuliko nyumba, na maziwa ni maziwa. Akaniangalia kama vile nimemshauri apande ndege bila suruali.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Mweleze bibi yako."

Nikaanza na video. Bibi aliitazama kwa makini, simu ameishika mbali na uso. Gari jekundu likapita. Baada ya muda likapita tena.

"Huyu amesahau kitu," akasema.

Nikamweleza kwamba hajasahau kitu, ndivyo inavyotakiwa. Likapita mara nyingine. Bibi akasikitika, akasema huyo hana mtu wa kumkumbusha. Nikabadilisha njia, nikamwambia ni kama mpira, wachezaji nao wanakimbia huku na huku na hawafiki popote. Akasema mpira una goli, nimwonyeshe goli. Nikasema lengo ni kupima uimara wa injini. Akauliza kwani wanazitilia shaka, si wamezitengeneza wenyewe? Nilikuwa nimefaulu somo la mantiki chuoni. Nilikwenda kuchota maji bila kutumwa.

Wakati mimi nashindwa kwa bibi, baba mdogo aliendelea na maandalizi yake. Kubwa lilikuwa usingizi. Alikuwa mtu wa kulala mapema na alijua udhaifu wake, kwa hiyo akaamua kujizoeza kukesha. Mahali pa kukesha kwetu, mahali pa heshima, ni msibani. Basi akaanza kuhudhuria misiba. Alianza na ya majirani, ikaisha, akaenda ya Masakta, akaenda ya watu ambao hakuwahi kuwasikia. Anafika, anatoa pole, anakaa karibu na moto, na kesho yake anatuambia kwa fahari kwamba amefika asubuhi bila kusinzia, au kwamba amesinzia kidogo wakati wa mapambio. Watu walianza kumsifu kwa utu wake. Familia moja ilimpa nafasi ya kusema neno kaburini. Kabla sijajua kinachoendelea, kata nzima ilikuwa inamtaka awe mwenyekiti wa kamati ya mazishi, naye hakuweza kuwaambia kwamba anafanya mazoezi ya mbio za magari.

La pili lilikuwa gambuti, viatu vyake virefu vya mpira vya matopeni. Kwenye video aliona gari limetoka njiani na kukwama kwenye mchanga, na watu maelfu wamekaa wanaangalia. Hilo lilimuumiza. Kwetu, kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Basotu, gari likikwama hata padri anashuka kusukuma, na anayebaki amekaa atakumbukwa kwa hilo mpaka uzee wake. Alisema hawezi kwenda nchi ya watu akaonekana mvivu. Nikamweleza kwamba kuna uzio, kuna walinzi, kuna magari maalumu ya kuvuta. Akasema ndiyo, lakini wakizidiwa? Akapakia gambuti, akapakia na kamba. Kamba nilifanikiwa kuitoa. Gambuti alisema atasafiri nazo miguuni.

Safari ilipokaribia, na bibi bado hajabadilisha msimamo, baba mdogo akaja na wazo lake. Kama maneno yameshindwa, bibi ataonyeshwa mbio zenyewe. Familia ina trekta la zamani, na mbele ya nyumba ya bibi kuna uwanja mpana uliokanyagwa na ng'ombe mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Akamshawishi jirani mmoja mwenye bodaboda awe mshindani wake. Wangezunguka uwanja tangu asubuhi bila kusimama, bibi akiwa amekaa kwenye kigoda kama mgeni rasmi. Mimi nilipewa shuka jekundu la kupunga wakati wa kuanza, na kazi ya kuwapa chakula bila wao kusimama.

Nilipunga shuka. Bodaboda ikaongoza kwa mbali. Mapema asubuhi, bado inaongoza, ikapata abiria wa kwenda Nangwa, akapanda nyuma katikati ya mbio, wakaondoka. Jirani yule hakurudi tena siku hiyo. Baba mdogo akabaki anashindana peke yake, na bado, kwa mtu anayetazama, ilikuwa vigumu kusema kama anashinda.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, si yeye wala mimi na shahada yangu, ni msimu. Maharage yalikuwa yameng'olewa, yamekauka, yamelundikwa kwenye kila ua. Kwetu, trekta likizunguka uwanjani wakati huo wa mwaka, maana yake ni moja, linapura maharage kwa matairi, na mtu haulizi. Mama mmoja jirani alitokea na mzigo wa maharage kichwani, akamwamkia bibi, akautandaza chini kwenye njia ya matairi. Nikamkimbilia kumweleza kwamba haya ni mashindano.

"Sawa," akasema. "Lakini si anazunguka tu?"

Akaja mwingine. Wakaja watatu na mkokoteni wa punda. Kufikia mchana njia yote ya mbio ilikuwa imefunikwa maharage, na wanawake wakiwa na uma za majani wanageuza mashina kila trekta likipita, wakimwambia baba mdogo asogee kulia kidogo, hapa hajapakanyaga vizuri. Asingeweza kukataa, ni majirani. Asingeweza kusimama pia, kwa sababu kutosimama ndiyo ilikuwa hoja yenyewe. Nilikimbia kando ya trekta nikimpa chai, nikakimbia mzunguko unaofuata kuchukua kikombe. Ugali alikula kwa mkono mmoja. Mtu mmoja alimwuliza kama kesho atakuwepo, ana maharage mengine Masakta.

Bibi alikaa kwenye kigoda chake siku nzima. Trekta lile halina taa, kwa hiyo jua lilipoanza kuzama mbio zikaisha. Baba mdogo akazima injini, akabaki amekaa juu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Bibi akainuka, akaenda mpaka katikati ya uwanja, akachota konzi ya maharage, akapuliza maganda. Akayatazama yaliyobaki kiganjani.

"Kumbe yanapura," akasema.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na pingamizi tayari, tena nzuri: kwamba kule hakuna anayetandaza kitu chini, kwamba magari yale yanatoa moshi na kelele tu, kwamba kufanana kwa vitu viwili si ushahidi. Nikamwangalia baba mdogo. Alikuwa amenikazia macho kutoka juu ya trekta, amechoka, anasubiri.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Yanapura."

"Yanapura nini?"

"Vitu vyao vya huko."

Akatikisa kichwa kukubali. Akasema mngesema mapema, na kwamba baba mdogo amletee kidogo aone.

Baraka ilitolewa asubuhi ya safari. Baba mdogo alipiga magoti, koti la harusi mwilini, gambuti miguuni. Bibi akampitisha Katesh, akampitisha Babati na Arusha, akampandisha ndege. Huko angani hakuna vituo, kwa hiyo akamkabidhi kwa Mungu moja kwa moja, akampokea tena chini, akamfikisha kwenye uwanja wa kupuria wa Wafaransa, akasema atakuta watu wa kazi na mavuno mengi. Akamrudisha. Alipovuta pumzi kwa ajili ya sehemu ya mwisho, baba mdogo akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mama, ile ya usingizi iache safari hii."

Bibi akamwuliza ana akili kweli? Hiyo ndiyo baraka yenyewe, mengine ni njia tu. Akamwombea usingizi mzito, usingizi wa mtoto aliyeshiba, asishtuliwe na kelele yoyote ya ugenini. Akamnyunyizia.

Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Alikuwa anayafuta yale maziwa kifuani kwa kitambaa kwa bidii isiyo ya kawaida. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani yanaweza kufanya kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani, mtu alikuwa anahitaji kutoamini kwangu, na nikampa kote nilikokuwa nako.

"Baba mdogo, ni maneno tu. Maneno hayawezi kumlaza mtu."

Akashukuru, akapanda.

Alirudi salama, kituo kwa kituo kama alivyotajiwa. Alimletea bibi pakiti ya maharage meupe kutoka duka la huko. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaipasua, akamwaga kwenye ungo na kuchambua kwa muda mrefu bila kukuta jiwe wala ganda. Akasema magari yale yanafanya kazi safi, sasa ameelewa kwa nini watu wanakwenda kuyaangalia. Suala likafungwa.

Baba mdogo alisimulia zile mbio msimu mzima, vilabuni, kanisani, na msibani, ambako sasa alikuwa mwenyekiti kweli. Mwanzo aliusimulia vizuri sana: bendera, ngurumo inayoingia mpaka kwenye meno, magari yamepangana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Mwisho pia aliusimulia vizuri, watu wanalia, wanamwagiana vinywaji. Katikati alikuwa na tabia ya kusema, "Basi, yakaendelea kuzunguka," na kuomba chai. Sikuona ajabu. Niliona ndivyo mbio zenyewe zilivyo.

Ilipita miaka. Nilipata kazi Babati, na Mfaransa akaja tena kutembelea mashamba, sasa akiwa na Kiswahili cha kutosha. Tulikunywa soda pamoja akanionyesha picha kwenye simu yake. Kwenye mojawapo baba mdogo yuko jukwaani, amelala chali kwenye viti, mdomo wazi, gambuti zimeelekea angani, na mtu amemfunika blanketi. Nyuma yake taa za magari zimekuwa mistari. Mfaransa alisema alilala kabla giza halijaingia, akaamka watu wanamshangilia mshindi, na kwamba katikati ya hapo gari lilikwama mchangani mbele yake kabisa, king'ora kikapigwa, jukwaa zima likasimama kupiga kelele, na hakujigeuza hata upande.