Siku Mfumo Ulipoanza Kupima Sangara

Mfumo wa kompyuta ambao kiwanda chetu cha samaki kiliununua ulitengenezwa na watu wanaofuga samaki kwenye mabwawa. Kwao samaki wote hutolewa majini siku moja, wakiwa na umri mmoja, kwa hiyo mfumo wao ulijua mambo mawili tu, uzito na ubaridi. Ziwa letu halina mpangilio huo. Sheria ya hapa inakataza sangara aliye chini ya sentimita hamsini kuvuliwa au kuuzwa, na kiwanda kikikutwa naye kinafungiwa. Nililetwa kuufundisha mfumo sheria hiyo. Nikakaa ofisini pale mjini Mwanza, feni ikinipepea, nikaandika kwamba kila samaki apimwe kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia. Akitimia, kioo cha kompyuta kiwe kijani. Asipotimia, kiwe chekundu, na taarifa iende papo hapo kwenye simu ya ofisa uvuvi. Akishaandikwa nyekundu, hakuna wa kumfuta, hata meneja. Niliipenda sana sehemu hiyo ya kutofutika. Mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, na watu wanaochezea taarifa siwapendi hata kidogo.

Siku ya kuanza nilikwenda na meneja mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye banda ambalo kiwanda hupokelea samaki. Mpimaji alikuwa Mjita, baba wa watoto watatu, mzaliwa wa pale pale. Kazi yake ilikuwa kulaza samaki juu ya ubao mzito wenye rula ya chuma, kusoma urefu na kuuingiza kwenye kompyuta. Nilimfundisha nusu saa tu, akashika upesi.

Wa kwanza kuleta mzigo alikuwa wakala mmoja mzee, anayenunua samaki kwa wavuvi wa visiwani na kuwaleta kwa mtumbwi wenye barafu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hicho kitu chako kisitucheleweshe tu, barafu inayeyuka."

Samaki wake walikuwa wazuri, wanene, wa kujaza mikono. Wa kwanza akalazwa ubaoni. Nyekundu. Wa pili nyekundu. Kreti nzima ikaisha bila kijani hata kimoja, na mzee akaacha kutabasamu.

"Mpime tena huyo," akasema.

Mpimaji akampima tena. Arobaini na nane.

Ofisa uvuvi aliingia simu yake ikiwa bado inalia mkononi. Hakuuliza swali. Alikuja na dumu la rangi ya bluu, ile wanayomwagia samaki haramu ili wasiuzike popote, akalimimina juu ya mzigo wote. Mzee alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nasisimka. Vijana wake waliokuwa mtumbwini waliusikia. Walikuja mbio, kila mmoja na kafi lake.

Ofisa alikuwa wa kwanza kukimbia. Meneja akajifungia kwenye gari. Sisi tuliobaki bandani tulipigwa. Kompyuta ilikwenda chini kwa pigo moja, meza ikafuata, halafu wakamgeukia aliyekuwa ameshika ubao. Walimpiga mpimaji mgongoni, akapiga magoti, wakampiga kichwani. Nilisukumwa nikaanguka kifudifudi katikati ya samaki, bluu na damu usoni, na hapo, pua yangu ikiwa imegusana nao, ndipo nikaona mikia.

Yote ilikuwa imekatwa. Kila mkia umechongwa mshazari kwa kisu, mkato ule ule. Kule visiwani mawakala wanne watano huchangia mtumbwi mmoja wa barafu, na kila mmoja huweka alama yake mkiani ili wakifika mwaloni wasigombane. Mwalo mzima ulijua. Mpimaji naye alijua, lakini aliambiwa apime, hakuambiwa aongee. Sheria niliyoiandika chini ya feni ilihesabu mkia mzima, na samaki halali wa sentimita hamsini na moja alifika mbele yake akiwa amepunguzwa kwa kisu cha mwenyewe.

Nilipiga kelele. "Mikia! Angalieni mikia, imekatwa!" Nani angenisikia? Mmoja wao, kijana mpana wa mabega, alikuwa ameinua kafi kwa mikono miwili juu ya uso wa mpimaji. Likashuka kabla sijasimama. Alipoliinua tena nilikuwa nimeshauokota ule ubao wa kupimia, nikampiga nao shingoni kwa nguvu zangu zote. Kitu kikavunjika ndani. Sitadanganya, nilifurahi, na nikampiga tena alipokuwa chini. Walinzi walipofika na kufyatua bunduki hewani, mimi ndiye niliyevutwa kwa mikono kutoka juu ya mtu.

Mpimaji alipoteza jicho la kushoto.

Meneja hakutaka kusikia habari ya kusubiri, wanunuzi wa nje walikuwa wakidai mzigo. Nikarekebisha mfumo. Niliongeza swali moja tu: mkia umekatwa? Mpimaji akijibu ndiyo, urefu haufuatwi tena, yeye mwenyewe anaamua kwa kumwangalia samaki, kijani au nyekundu. Sikuona njia nyingine, maana rula haiwezi kupima kipande ambacho hakipo. Kesi ya ugomvi ule polisi walituambia tumalizane wenyewe, tukamalizana. Mpimaji akarudi kazini kichwa kikiwa bado na bandeji, kwa kuwa kazi nyingine hakuwa nayo.

Siku tuliyofungua tena, samaki wa kwanza kuwekwa ubaoni hakuzidi mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kifundo. Mkia wake ulikuwa umekatwa, na damu ya mkato ilikuwa bado mbichi. Alikatwa pale pale ufukweni, dakika chache kabla, ili rula isimhusu. Aliyemleta alikuwa kijana yule yule, shingo yake imefungwa plasta ngumu. Wenzake walijipanga nyuma yake na makafi.

Mpimaji aliganda, kidole juu ya kitufe. Damu ikanipanda. Nilitaka nyekundu. Nilitaka waje, wote, na safari hii nianze mimi.

"Kaka, toka hapo," nikamwambia. "Nitabonyeza mwenyewe."

Hakutoka. Alinishika mkono.

"Dada, wewe jioni unarudi zako mjini, Kiseke," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi narara pare." Akaonyesha kwa kidevu nyumba za mabati zilizo nyuma ya wale wanaume. Mlangoni pa mojawapo mwanamke alikuwa akianika nguo, na mtoto ameshika sketi yake.

Nikasimama pale na hasira yangu yote, sina pa kuipeleka. Kisha nikabonyeza kijani.

Kijana wa plasta akamwondoa yule samaki taratibu, akaweka wa pili, mdogo kuliko wa kwanza. Halafu akainama karibu na mpimaji, upande wa jicho lililobaki, akamwuliza kwa upole kabisa:

"Watoto hawajambo?"