Maximilla na Saladi ya Nanasi

Maximilla alipika katika nyumba ya wageni ya shangazi yangu pale Kibondo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikumbuki mtu yeyote aliyemshukuru, kuanzia na mimi mwenyewe. Wali wake haukuwahi kushikana. Migebuka yake, samaki wale wa ziwani, wageni waliimaliza mpaka vichwa. Lakini shukrani zote alizibeba shangazi, Bi Mwanaheri, ambaye alikuwa akizunguka mezani na kanga yake ya kupigwa pasi akiuliza kama chakula chake kimewapendeza. Chakula chake! Shangazi hakujua hata mahali chumvi ilipokaa.

Mimi ni Safina, nilikuwa nikihudumu mezani. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho sikumwonyesha mtu, ila Kiingereza nilikimudu, na shangazi alinichukua kwa sababu hiyo moja. Nasema mapema ili nisije kuonekana najifanya: hiki ni kisa cha Maximilla, lakini ubaya ulio ndani yake kwa sehemu kubwa ni wangu.

Alikuwa mtu wa Gwarama. Alifika kwetu akiwa na mkeka na chungu kimoja, na kwa muda mrefu hatukujua kilichomtoa kwao. Aliniambia mwenyewe siku moja tukichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Mumewe alikunywa pombe ya rubisi nyumbani, tumbo likamshika, siku ya pili akafa. Sasa kule kwao, na huku kwetu pia, anayempa mtu pombe huonja kwanza mbele yake. Wenyewe wanasema anatoa sumu. Ukionja na mgeni akakuona, umemwambia kwamba huna neno naye moyoni. Maximilla alionja, lakini alionja ndani, akichota mtungini, halafu akatoka na kibuyu. Msibani shemeji yake, Pasikali, alisimama mbele ya watu akauliza nani alimwona akionja. Hakuna aliyemwona. Wiki haikuisha, akaambiwa aondoke.

"Ningeonjea mlangoni tu," aliniambia. "Hatua mbili, mwana wanje." Mwanangu, kwa Kiha.

Niliendelea kuchambua mchele. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na mambo ya wazee wa Gwarama yalinichosha.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka mpaka pale Mabamba kwa maelfu, kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa tena, na mji wetu ukajaa magari meupe ya mashirika. Kila mwenye vyumba vitatu na bomba la maji akaandika mlangoni kwamba ana nyumba ya wageni. Shirika moja likataka kuichukua yetu nzima kwa mwaka mzima. Mkubwa wao, mama mmoja wa Kizungu, angekuja Jumamosi kula chakula cha mchana na kuitazama. Akatanguliza ujumbe kwamba hali nyama, na kama haitakuwa usumbufu angependa saladi ya majani mabichi yenye matunda yaliyokaangwa kwenye sukari mpaka yakawa na rangi ya kahawia.

Shangazi alinisomesha ujumbe ule mara tatu. Kisha akamgeukia Maximilla.

"Umesikia. Akila akafurahi, utabaki hapa na hilo jiko litakuwa lako mpaka uzeeke. Asipofurahi, unarudi Gwarama kwa shemeji yako. Safina atapika."

Maximilla akasema, "Ego, mama." Ndivyo alivyojibu kila kitu, ndiyo, mama. Lakini niliona ameshika ukingo wa meza.

Na mimi nilisikia neno lile la mwisho vizuri sana. Nilikuwa nimechoka kubeba sinia kati ya wanaume wanaoniita kwa kupiga vidole. Jikoni hakuna anayekupigia vidole.

Jumatano alijaribu mara ya kwanza. Majani ya saladi tuliyapata kwa Immakulata, mwanamke aliyelima bustani bondeni na kuwalisha nusu ya mavuno sungura wake. Maximilla aliyapokea, akayaosha, akayachemsha na karanga za kutwanga kama anavyochemsha mchicha. Kwake majani mabichi ni chakula cha mbuzi, na mgeni hapewi chakula cha mbuzi. Shangazi alifunua sufuria akaona ule mrenda wa kijani. Akamwambia asimame pale mlangoni, ale yote, tukimtazama, ili akili imkae. Sisi tuliokuwapo tulicheka. Alikula huku ametazama chini, na alipomaliza akaosha sufuria.

Alhamisi ilikuwa zamu ya sukari. Nilimsomea maelezo kwenye simu: kata nanasi vipande vinene, vifute maji, yeyusha sukari kwenye kikaango kikavu, ikishabadilika rangi weka vipande. Hakuna aliyetuambia ibadilike kiasi gani. Kwenye jiko la mkaa sukari haikusubiri, ikatoka rangi ya chai ikaenda rangi ya masizi mimi nikiwa bado natafuta mstari. Moshi ukajaa, nanasi likawa chungu. Shangazi akamlisha na hilo, kipande baada ya kipande, likiwa bado la moto. Ulimi wake ulitoka malengelenge. Nilimwona akiutoa nje mbele ya feni ya ukumbini alipodhani hakuna mtu.

Ijumaa hakutaka nisome. Alisema baba yake alikuwa mrina asali, naye tangu utotoni alijua asali ikiwa motoni inanukaje kabla ya kuharibika, na sukari, alisema, ni asali isiyo na nyuki. Akatoa mkaa nusu. Akafumba macho juu ya kikaango. Mimi niliona sukari tu ikitokota pembeni, yeye akanusa, akasubiri, akanusa tena, kisha akakiinua kikaango kutoka motoni wakati rangi ilikuwa bado ya dhahabu, akasema kitamalizia chenyewe. Akalaza vipande vya nanasi. Vililia kidogo. Akavigeuza kwa kisu, akakamua ndimu juu yake, na tone moja la sukari likamrukia kifundoni mwa mkono likashika palepale. Hakuondoa mkono mpaka kipande cha mwisho kilipogeuka.

Majani aliyaosha kwa maji ya chumvi, akayakung'uta ndani ya kitambaa safi, akayachana kwa vidole, akayapaka mafuta na ndimu kidogo tu yang'ae. Nanasi juu, na karanga za kukaanga. Akanipa nionje. Wallahi, sijala kitu kama kile. Ukali wa ndimu, utamu ulioungua kidogo, halafu lile jani baridi linalovunjika mdomoni. Nilijua palepale kwamba jiko nimelikosa.

Alikuwa akifunga kidonda chake kwa kitambaa aliponiuliza.

"Safina, wewe unawajua hawa. Huyu mama hanijui. Majani mabichi, sukari imeungua, ataogopa. Nikimpelekea, nionje mbele yake?"

Niliwajua. Nilijua kwamba kwao ukitia uma wako kwenye sahani ya mtu umemtukana. Sentensi moja ilitosha. Maximilla alinitazama usoni akingoja, na mimi nikamwambia, "Onja, mama. Tena uchote kwenye sahani yake, aone."

Jumamosi mama yule alifika saa saba, mrefu, mpole, mwenye viatu vya vumbi. Shangazi alimvutia kiti mwenyewe. Maximilla alileta saladi kwa mikono miwili, amevaa gauni lake la kanisani chini ya aproni. Ilikuwa nzuri kuliko ya Ijumaa. Mgeni akatabasamu, akachukua uma.

Maximilla akapiga magoti kidogo, kama anavyopaswa kufanya mtu anayempa mkubwa, akatoa uma mfukoni mwa aproni, akachoma kipande cha nanasi na jani lake katikati ya sahani ya mgeni, akala. Akatafuna taratibu, mdomo ukionekana vizuri. Akameza. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kusimama, na usoni alikuwa na amani ambayo sikuwahi kumwona nayo. Safari hii watu walikuwa wamemwona.

Shangazi alifunika mdomo na kanga. Mgeni hakukasirika. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini amefanya vile.

Hapo pia palikuwa na nafasi. Huko mashirikani wanapenda sana kuelezwa mila. Ningemwambia kwamba huyu mwanamke anakuonyesha moyo wake ni mweupe, mama yule angesimama amkumbatie.

Nikamwambia, "Ana njaa."

Macho ya mgeni yalijaa maji. Akaitazama sahani, akamtazama Maximilla, mwili wake mwembamba, kitambaa mkononi. Kisha kwa mikono yake miwili, kwa upole kabisa, akaisukuma ile sahani mpaka ukingo wa meza upande wa Maximilla, akamwonyesha kwa kichwa kwamba ale yeye, ale yote.

Kule Gwarama, ukionja na mgeni akakurudishia kibuyu, amekwisha kusema. Hakuna neno linalobaki. Amesema ulichoonja ulikiondolea sumu kwa dawa yako, kilichobaki ni chake cha kumuua, basi kinywe wewe. Ni mchawi tu anayerudishiwa.

Nilimwona akielewa. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, na mimi nikaangalia vijiko.

Akakaa chini sakafuni, akaweka sahani mapajani, akala. Hakula kwa haraka. Alikula kila jani na kila karanga, akichukua kimoja kimoja na kukiinua kwanza ili sote tukione. Nanasi lilimchoma ulimi uliojaa malengelenge, machozi yakamtiririka, naye hakuyafuta. Mgeni naye alikuwa analia. Ukumbi mzima uliangalia, madereva na wote, hakuna aliyecheka. Alipomaliza alizungusha kidole kwenye sahani, akakilamba, akaiinua sahani ile nyeupe tupu.

"Mwambie nimeimaliza," aliniambia. "Mwambie akae anitazame mpaka jioni. Kama nitakufa, nife hapa."

"Anasemaje?" mgeni akauliza.

"Anashukuru," nikamwambia.

Shangazi alimfukuza kabla ya saa kumi. Alimwambia amemvua nguo mbele ya wageni, kwamba dunia nzima sasa itasema Mwanaheri anawanyima wafanyakazi chakula. Maximilla alikunja mkeka, akatia uma wake ndani ya chungu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkataba tuliupata, tena mgeni aliongeza sharti moja kwa maandishi: kila mfanyakazi apewe chakula cha mchana, kinachoshibisha, akiwa ameketi mezani. Toka siku ile tunakula vizuri sana. Na mimi ndiye ninayepika.

Saladi ile mama yule huniagiza kila Jumamosi. Sukari yangu huungua mara moja katika kila mara mbili. Mgeni anasema ya kwanza ilionekana tofauti.

Desemba nilikwenda sokoni kutafuta mananasi. Nilimkuta amekaa chini karibu na wauza mihogo, mananasi machache mbele yake, amekonda. Gwarama hakurudi, nadhani hakuthubutu. Nilitaka kupita, akaniita kwa jina.

Hakuniuliza kitu. Pengine alikuwa bado anaamini mgeni ndiye aliyemhukumu, pengine alijua yote, uso wake haukusema. Alimenya nanasi, akakata kipande kinene, akakigawa katikati. Nusu aliitia mdomoni mwake nikimtazama, akatafuna, akameza. Nusu ya pili akaninyooshea. Kifundoni mwake lilikuwapo kovu la sukari, duara dogo linalong'aa.

Watu wawili watatu walikuwa wamegeuka kutuangalia. Mkono wangu ulikataa kuinuka. Ningekula nanasi lile, ningelazimika kumtazama machoni.

"Samahani, mama," nikasema. "Nimefunga."

Ilikuwa Jumanne, wala si mwezi wa Ramadhani. Miaka tisa aliyotupikia futari alizijua siku zetu za kufunga kuliko mimi. Alikaa na mkono wake umenyooka kwa muda, maji ya nanasi yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Kisha akaurudisha, akala na ile nusu yangu, yote, akinitazama.