Petroli Iliyoishia Kwenye Salamu

Juzi mjukuu wangu alisimamisha gari mlangoni kwa jirani, akazima injini kwanza, ndipo akamwamkia. "Bibi, likinguruma bure linakula mafuta," aliniambia. Nikageuza uso.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili, na daktari alikuwa Malindi. Kaka yake, Mjomba Athumani, alikuwa dereva wa tajiri wa Kihindi, akaomba gari la tajiri wake. Nilipakata kichwa cha mama. Harufu ya petroli ilishinda udi wote niliowahi kuunusa.

Kila kijiji watu walitoka kutuombea dua, na mjomba alisimama. Injini hakuizima, maana kuiwasha tena kwa kuzungusha hendeli ya mbele kulimtoa jasho.

"Kaka, twende," mama alimsihi.

"Tutawapitaje watu bila salamu, dada? Watasema gari limenitia kiburi."

Niliona gari likitetemeka pale, nikadhani linapumzika, kama punda anavyohema. Kumbe lilikuwa likinywa petroli yetu.

Likanyamaza vichakani, Malindi bado mbali. Mjomba alizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Mama, macho ameyafumba, akaniuliza, "Tumefika?"

Njia nzima gari halikuwa limenyamaza hata mara moja, basi niliamini safari imekwisha.

"Tumefika, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na mkono wake ukalegea katika wangu. Mjomba alikuwa bado anazungusha.